Jina Lisiloandikwa: Uchangiaji wa Mbegu za Kiume Mjini Sydney

Mjini Sydney, uchangiaji wa mbegu za kiume ulitanguliwa na kondoo. Mwaka 1949, huko London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes waligundua kwamba shahawa za jogoo zikitiwa gliseroli huweza kugandishwa kisha kuyeyushwa bila mbegu kufa. Mwaka uliofuata tu, C. W. Emmens, mtaalamu wa fiziolojia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Sydney, alichapisha pamoja na mwenzake Blackshaw majaribio yao ya kugandisha shahawa za kondoo, fahali na sungura. Haraka hiyo haikuwa ya kitaaluma peke yake. Bei ya sufu ilikuwa imepaa, na Waaustralia wenyewe walizoea kusema kuwa nchi yao imepanda mgongo wa kondoo. Mwaka 1968 Steven Salamon wa chuo hichohicho aligandisha shahawa za madume manne ya merino. Nusu karne baadaye mbegu hizo zikatolewa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, zikahimilisha kondoo 56, na 34 kati yao wakashika mimba. Chuo kilipotangaza matokeo hayo mwaka 2019 kilieleza kuwa kiwango hicho hakikupungua hata kidogo kikilinganishwa na cha shahawa zilizogandishwa hivi karibuni.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hakuna cha kushangaza hapo. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete, Kenya, kilianza mwaka 1946, na mfugaji wa Tanzania anajua kwamba mbegu za madume bora hutoka Usa River, Arusha. Anajua pia kwamba mrija wa shahawa usioandikwa jina la dume hauna thamani. Kondoo wa Salamon walikuwa na majina, mwenye kundi, na ukoo ulioandikwa daftarini tangu babu wa babu. Binadamu walipoanza kuzaliwa kwa ufundi uleule katika mji uleule, kanuni iligeuzwa juu chini: jina la mwenye mbegu lilifichwa, likachomwa au halikuandikwa kabisa. Historia ya uchangiaji wa mbegu mjini Sydney kwa sehemu kubwa ni historia ya daftari hilo: nani aliandike, nani alishike, na nani aruhusiwe kulifungua.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa zamani. Mwishoni mwa karne ya 18 daktari John Hunter wa London alimsaidia mume mwenye kasoro ya mrija wa mkojo kumpa mkewe mimba kwa bomba la sindano. Mbegu za mtu mwingine zilitumiwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1884, pale Profesa William Pancoast alipomlaza mwanamke kwa klorofomu na kumtia shahawa za mmoja wa wanafunzi wake wa udaktari. Mume alielezwa baadaye. Mke hakuelezwa kamwe. Habari hiyo ilifichwa miaka 25, hadi mmoja wa wanafunzi waliokuwapo alipoichapisha mwaka 1909. Katika kisa hicho kimoja mna karibu kila kitu kitakachorudiwa kwa miaka 100 iliyofuata: mwanafunzi wa udaktari kama mtoaji, daktari kama mlinzi wa siri, na mwanamke aliyeamuliwa na wengine. Mtoto naye hakufikiriwa na yeyote.

Viongozi wa dini walipinga mapema. Tume iliyoundwa na Askofu Mkuu wa Canterbury ilitoa ripoti mwaka 1948 ikitaka kuhimilisha kwa mbegu za mgeni kufanywe kosa la jinai, na mwaka 1949 Papa Pius wa 12 akakataza jambo hilo kwa Wakatoliki. Sydney, mji wa Waanglikana na Wakatoliki wa asili ya Ireland, ilisikia sauti zote mbili. Matokeo yake hayakuwa kukoma kwa kazi hiyo bali kuhamia kwake katika vyumba vya madaktari binafsi, ambako haikuacha karatasi. Kumbukumbu za miaka ya 1940 hadi 1960 ni chache kwa sababu zilikusudiwa ziwe chache.

Namna kazi ilivyofanyika inajulikana vya kutosha. Daktari alimtafuta kijana mwenye afya, mara nyingi mwanafunzi wa udaktari, kwa kuwa alikuwa karibu, alidhaniwa kuwa na akili, na alikuwa mhitaji wa pesa kidogo. Shahawa zilipaswa kutumiwa zikiwa mbichi, ndani ya muda mfupi, kwa hiyo mtoaji na mpokeaji walikuwa pengine jengo moja, wametenganishwa na korido na mlango. Daktari alilinganisha rangi ya macho na nywele, kimo, na kundi la damu ili mtoto afanane na mume. Mara nyingine shahawa za mume zilichanganywa na za mtoaji, au wanandoa waliambiwa wakutane usiku uleule, ili pabaki shaka kidogo ya kuwafariji. Ushauri wa mwisho ulikuwa mmoja: nendeni nyumbani, msahau, na msimwambie mtoto wala mtu yeyote.

Siri hiyo ilimfaa kila mtu mzima aliyehusika. Kwa mume, ugumba ulikuwa aibu iliyochanganywa na suala la urijali. Kwa mke kulikuwa na hofu ya kuitwa mzinzi. Mtoaji aliogopa kudaiwa matunzo, na daktari hakujua sheria ingemtazama vipi. Mtoto naye, kwa sheria ya zamani, angeweza kuhesabiwa wa nje ya ndoa. Hata cheti cha kuzaliwa, kilichomtaja mume kuwa baba, kilikuwa na uongo ambao wote waliokitia saini waliujua.

Kilichoitoa kazi hiyo vichochoroni na kuileta hospitali za umma ni upungufu wa watoto wa kuasili. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanandoa wasio na watoto waliweza kupata mtoto wa mama asiyeolewa. Mwaka wa 1971 hadi 1972 Australia nzima iliandikisha watoto karibu 10,000 walioasiliwa. Wengi wao, kama ilivyokubaliwa baadaye, walinyang'anywa mama zao kwa shinikizo. Mwaka 1973 serikali ya Waziri Mkuu Gough Whitlam ilianzisha posho kwa mama wanaolea peke yao. Vidonge vya kuzuia mimba vilikuwa vimeenea, na aibu ya kuzaa nje ya ndoa ilikuwa inapungua. Idadi ya watoto wa kuasili ikaanguka ghafla. Wanandoa wale wale waliokuwa wakipanga foleni kwenye ofisi za kuasili wakahamia kwenye kliniki za uzazi, na kliniki za mbegu za wachangiaji zikakua katika hospitali kubwa za Sydney.

Ugandishaji ndio uliowezesha hatua hiyo. Mwaka 1953 Raymond Bunge na Jerome Sherman wa Iowa walikuwa wameripoti mimba za kwanza za binadamu kutokana na shahawa zilizogandishwa. Mtoaji na mpokeaji hawakulazimika tena kuwa jengo moja wala siku moja, na shahawa za mtu mmoja ziliweza kugawanywa katika mirija mingi na kutumiwa kwa wanawake wengi, kwa miaka mingi. Uwezo huu wa pili haukutafakariwa sana. Kuhesabu watoto wa mtoaji mmoja kuliachiwa kumbukumbu ya kliniki, na kijana aliyechangia hospitali mbili alikuwa na hesabu mbili zisizojuana.

Sheria ilifuata nyuma, na hatua yake ya kwanza ilikuwa kuwatuliza watu wazima. Sheria ya New South Wales, jimbo la Sydney, ya mwaka 1984 kuhusu utungaji mimba kwa njia bandia ilitamka kuwa mume aliyeridhia mkewe ahimilishwe ndiye baba, na mtoa mbegu si baba. Bila sheria hiyo mtoto angebaki hana baba mbele ya mahakama ya mirathi. Haikusema lolote, hata hivyo, juu ya kutunza jina la mtoaji. Sheria ya tishu za binadamu ya 1983 ilikuwa tayari imepiga marufuku biashara ya sehemu za mwili, na ndiyo maana mtoaji wa Australia, tofauti na wa Marekani, anaitwa mchangiaji kwa haki: alichoweza kupewa ni fidia ya gharama. Baadaye sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 iliyokataza kuzalisha nakala za binadamu iliingiza humohumo marufuku ya kununua na kuuza mbegu, mayai na viinitete vya watu, kwa adhabu inayofika kifungo cha miaka 15.

Kisha ukaja UKIMWI, na Sydney ikaingia katika historia ya dunia ya fani hii kwa njia ambayo hakuna mji ungeitaka. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Australia alitambuliwa mwishoni mwa mwaka 1982 katika hospitali ya St Vincent's, katikati ya Sydney, na timu ya Profesa Ronald Penny. Kwa miaka 2 hivi kilichojulikana ni kwamba ugonjwa huambukizwa kwa ngono na damu. Shahawa zilizogandishwa na kutiwa ndani ya mwanamke kwa mrija safi hospitalini hazikuwa katika orodha ya hatari za mtu yeyote. Kipimo cha kingamwili kilipopatikana mwaka 1985, madaktari wa hospitali ya Westmead, magharibi mwa Sydney, waligundua kuwa mmoja wa wachangiaji wao alikuwa na kirusi, ingawa hakuwa na dalili yoyote. Wakawatafuta wanawake 8 waliopokea shahawa zake. Wanne kati yao walikuwa wameambukizwa.

Ripoti yao, iliyoongozwa na Graeme Stewart, ilitoka katika jarida la Lancet mwezi Septemba 1985. Ilikuwa ya kwanza duniani kuthibitisha kuwa kirusi hicho, ambacho bado kiliitwa HTLV-III, hupita kwa njia ya uhimilishaji. Ilithibitisha pia mambo mawili ambayo wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza walihitaji sana kuyajua: kwamba kugandisha hakuui kirusi, na kwamba mwanamke anaweza kuambukizwa kwa shahawa peke yake, bila tendo la ndoa, bila jeraha na bila damu. Faraja pekee ilikuwa kwamba watoto waliozaliwa na wanawake hao hawakuonyesha maambukizi.

Kilichofuata kilibadili kazi hiyo kila mahali. Shahawa mbichi za mchangiaji ziliachwa. Zilizogandishwa zikawekwa karantini, ambayo baada ya muda ilikuja kuwa miezi 6. Mchangiaji hurudi baada ya karantini, hupimwa damu tena, na ni hapo tu mirija yake huruhusiwa kutumika. Ugandishaji, ambao hadi wakati huo ulikuwa urahisi tu, ukawa kinga. Sheria ya New South Wales iliongeza sharti kwamba mchangia shahawa, kama mchangia damu, atie saini tamko kuhusu afya na mwenendo wake. Kliniki ziliwafungia mlango wanaume mashoga wote bila kubagua, jambo lililokuwa na matokeo yake katika mji wenye jumuiya yao kubwa kuliko zote nchini. Na karantini ilileta kitu kingine ambacho hakikukusudiwa. Ili mchangiaji aitwe tena baada ya nusu mwaka, ilibidi ajulikane ni nani na anaishi wapi. Kirusi, kabla ya mwanasheria yeyote, ndicho kilichoilazimisha kliniki kuwa na daftari linaloeleweka.

Daftari hilo lilikuwa bado la kliniki. Tume ya Marekebisho ya Sheria ya New South Wales ilitoa ripoti nzima juu ya uhimilishaji wa binadamu mwaka 1986. Bunge lilipitisha sheria kamili mwaka 2007, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2010. Watoto waliotungwa mwaka wa ripoti walikuwa na umri wa kuwa wazazi wakati sheria inaanza. Jimbo jirani la Victoria lilikuwa na sheria tangu 1984, likafungua daftari la serikali mwaka 1988, na kuanzia 1998 likakataa mchangiaji yeyote asiyekubali kujulikana. Tofauti hii kati ya Sydney na Melbourne, mji mkuu wa Victoria, inatokana na katiba: Australia ni shirikisho, na mambo ya hospitali na vizazi yapo mikononi mwa majimbo. Watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja kwa ufundi mmoja, kila mmoja upande wake wa mto Murray unaotenganisha majimbo hayo, walipata haki tofauti kabisa juu ya asili yao.

Msukumo wa kufungua siri ulitoka kwanza kwa watu walioasiliwa. Sheria ya New South Wales ya 1990 kuhusu habari za kuasili iliwapa watu wazima walioasiliwa haki ya kuona cheti chao cha awali chenye jina la mama aliyewazaa. Baada ya hapo haikuwezekana tena kueleza kwa nini mtu aliyezaliwa kwa mbegu ya mchangiaji anyimwe haki aliyopewa jirani yake aliyeasiliwa. Mwaka 1993 wazazi wa New South Wales waliunda kikundi cha kusaidiana cha familia za watoto wa uchangiaji, na mwaka 1997 kikatoa kitabu chenye sauti za watoto wenyewe, wengi wao sasa wakiwa watu wazima. Hawakuwa wakitafuta urithi wala baba wa kuwalea. Waliuliza mambo ambayo mtu yeyote anayejua kwao hajapata kuyauliza: ukoo wetu una ugonjwa gani, pua hii ni ya nani, na huyu ninayetaka kumuoa tuna uhakika gani kuwa hatukuchangia baba.

Swali la mwisho si la mzaha. Mchangiaji wa miaka ya 1970 au 1980 angeweza kuwa na watoto wengi ndani ya mji mmoja, wa rika moja, wanaosoma shule za jirani. Wengi wao waliporudi kwenye hospitali walikozaliwa waliambiwa kuwa faili limeteketezwa, daktari amekufa, au nambari ya mtoaji haisomeki. Kamati ya Bunge la New South Wales iliyochunguza utunzaji wa kumbukumbu hizo ilitoa ripoti mwaka 2013. Miongoni mwa yaliyokuwa yamejitokeza hadharani ni kwamba katika hospitali moja ya mji huo kumbukumbu za zamani zilikuwa zimeharibiwa kwa makusudi, nambari za watoaji zikikatwa kutoka kwenye mafaili. Aliyefanya hivyo pengine aliamini anatimiza ahadi aliyopewa mtoaji. Ahadi hiyo ilitolewa na watu wawili juu ya mtu wa tatu ambaye hakuwapo.

Kabla ya sheria kuanza, miongozo ilikuwa imeshatangulia. Mwaka 2004 Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba liliagiza kliniki zote za Australia zisitumie tena mbegu za mtu asiyetaka kutambuliwa na mtoto atakayezaliwa. Sheria ya New South Wales ya teknolojia ya uzazi saidizi iliyoanza 2010 iliyageuza maagizo hayo kuwa amri. Kliniki lazima ichukue jina kamili la mchangiaji, tarehe na mahali alipozaliwa, kabila au asili yake, maumbile yake, historia ya magonjwa, na jinsia na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtoto wake, kisha ipeleke habari hizo kwenye daftari kuu la wizara ya afya. Mtoto akifika miaka 18 ana haki ya kujua jina. Mbegu za mtu mmoja haziwezi kutumiwa kuzalisha kwa wanawake zaidi ya 5, mke wake mwenyewe akihesabiwa. Kwa waliozaliwa kabla ya hapo liliwekwa daftari la hiari: mtoto na mchangiaji wakijiandikisha wote wawili na kukubaliana, huunganishwa.

Ilihofiwa kuwa masharti hayo yangewafukuza wachangiaji. Wanafunzi wa udaktari waliokuja kwa pesa ya nauli walipotea kweli. Nafasi yao ilichukuliwa na wanaume wa umri mkubwa zaidi, mara nyingi wenye familia zao, waliokuja wakijua kuwa siku moja mlango utabishwa. Hawakutosha. Kliniki za Sydney zikaanza kuagiza mirija kutoka nje, hasa Marekani, kwa sharti kwamba mchangiaji amekubali kujulikana na kwamba hesabu ya wanawake 5 inazingatiwa. Hapo pana kinaya kisichofichika: nchi inayotishia kifungo cha miaka 15 kwa kuuza mbegu inategemea nchi ambako kutoa mbegu ni kibarua chenye ujira.

Wakati daftari likibishaniwa, waliohitaji mbegu walikuwa wamebadilika. Mwaka 1992 watafiti wa Brussels waliripoti mimba za kwanza zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja tu ndani ya yai. Mwanaume mwenye mbegu chache au dhaifu, ambaye miaka 10 nyuma angeshauriwa atumie za mtu mwingine, sasa aliweza kuzaa mwenyewe. Wanandoa wa mume na mke, ambao siri yote ilijengwa kwa ajili yao, wakapungua kwenye foleni. Waliobaki na kuongezeka ni wanawake wasio na waume na wanawake wanaoishi na wanawake wenzao. Kwao siri ya zamani haikuwa na maana. Nyumba yenye mama wawili haiwezi kumficha mtoto kuwa kuna mwanaume mahali fulani. Mtoto huuliza kabla hajaanza shule.

Sheria ya Victoria iliwazuia wanawake hao kwa muda mrefu, kwa kuwa ilidai mume, lakini New South Wales haikuwa na katazo kama hilo. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 wanawake wa Melbourne walivuka mpaka hadi mji mdogo wa Albury, upande wa New South Wales, kupata huduma iliyokatazwa kwao. Sydney kwenyewe wengi hawakupitia kliniki hata kidogo. Rafiki, mara nyingi shoga aliyefungiwa mlango wa kliniki, alitoa mbegu nyumbani. Mwanamke akajihimilisha kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Na makubaliano yakafanywa kwa mdomo au kwa barua. Njia hiyo ilikuwa nafuu na ya kirafiki. Ilikosa karantini, vipimo na daftari.

Makubaliano ya aina hiyo ndiyo yaliyofika mahakamani. Mwaka 2008 New South Wales ilibadili sheria ili mwenzi wa kike wa mama atambuliwe kuwa mzazi wa mtoto aliyepatikana kwa mchangiaji. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na nafasi ya wazazi wawili tu. Mwaka 2011 mahakama ya wilaya ikaamuru jina la mwanaume liondolewe kwenye cheti cha binti wa miaka 10 ili la mama wa pili liandikwe. Mwanaume huyo alikuwa akimtembelea binti na kuchangia malezi yake. Jaji alimhurumia, lakini sheria haikumwachia njia nyingine. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Australia ilikutana na kisa kama hicho chini ya majina ya kubuni, Masson dhidi ya Parsons. Mwanaume alikuwa amempa rafiki yake mbegu mwaka 2006 kwa makubaliano kuwa atakuwa baba, jina lake likawa kwenye cheti, na mtoto alimwita baba. Mama na mwenzake walipotaka kuhamia New Zealand alipinga. Mahakama ikaamua kuwa sheria ya shirikisho ya familia inamtambua mzazi kwa maana ya kawaida ya neno hilo, na kwamba mtu huyu ni mzazi. Sheria ya jimbo inayosema mchangiaji si baba haikumhusu hapo.

Kwa familia za Kiislamu za Lakemba na Auburn, vitongoji vya Sydney, mjadala huo una sura nyingine. Fatwa ya Sheikh Jad al-Haq wa Misri ya mwaka 1980, inayofuatwa na Masunni wengi, iliruhusu kutungisha mimba maabara kwa mbegu za mume na yai la mke ndani ya ndoa, ikakataza mbegu za mtu wa tatu kwa sababu huchanganya nasaba. Hoja hiyo na hoja ya watoto wa uchangiaji wa Sydney zinatoka pande zilizo mbali sana, lakini zinagusa jambo moja: mtu kujua ni mwana wa nani. Wenye fatwa wanataka mlango usifunguliwe kabisa. Watoto wanataka, ukishafunguliwa, jina liandikwe.

Suala la wafu nalo limewahi kuzuka. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya New South Wales ilimruhusu mjane kuchukua shahawa za mumewe zilizotolewa baada ya ajali iliyomuua kazini, ikizihesabu kuwa kitu kinachoweza kumilikiwa. Kuzitumia ndani ya jimbo hakukuwezekana, kwa kuwa sheria ilidai ridhaa ya marehemu kwa maandishi; wanandoa hao walikuwa watie saini karatasi zao kesho yake.

Victoria ilitangulia majimbo mengine kwenda mbali zaidi. Kuanzia Machi 2017 kila aliyezaliwa kwa mbegu ya mchangiaji katika jimbo hilo, hata kama mchangiaji aliahidiwa siri miaka ya 1970, anaweza kupewa jina, ingawa mchangiaji anaweza kukataa kukutana naye. New South Wales haikufuata njia hiyo. Baraza la Seneti la shirikisho lilikuwa limependekeza daftari moja la taifa katika ripoti yake ya Februari 2011, lakini halikuundwa. Kilichofanya kazi ambayo wanasiasa hawakuifanya ni mate ndani ya kichupa. Vipimo vya vinasaba vya kuagizwa kwa posta vilipoenea miaka ya 2010, watu wa Sydney waliokuwa wameambiwa faili limechomwa walianza kupata binamu, kisha ndugu wa baba mmoja, kisha jina. Si lazima mchangiaji mwenyewe apime. Mpwa wake mmoja anatosha.

Watoto wa kwanza walioandikwa kwa lazima katika daftari kuu la New South Wales wanatimiza miaka 18 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2028. Kila mmoja ataweza kuomba jina kamili la mchangiaji na mahali alipozaliwa, kama lilivyoandikwa siku alipotia saini. Waliotungwa kabla ya hapo wanabaki na daftari la hiari, ambamo hamna jina la mchangiaji yeyote ila yule aliyekwenda kujiandikisha mwenyewe.